Hisa ya Sidi

Sidi alipofika Kibokoni asubuhi ile, Bi Esha alimfungulia mlango nusu. Hakumchukia. Sidi alikuwa binti wa mumewe, marehemu Badawi, na jambo hilo halikuwa siri. Lakini alikuwa pia binti wa Mbodze, na Mbodze ndiye mke mwenza aliyeachwa miaka mingi nyuma, baada ya kusimama barazani akamtolea Bi Esha maneno ambayo wanawake wa mtaa waliyahifadhi kama watu wahifadhivyo tenzi.

"Salaam aleikum, mamkubwa."

"Aleikum salaam. Kwema?"

"Si kwema. Mama hawezi. Amekunywa maji ya pipa, kinywa kimemuungua chote. Ulimi umefura, hasemi."

"Mbodze?" Bi Esha alishangaa. "Mbodze hasemi?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Alilisikia mwenyewe lilivyo, akaona haya, akaufungua mlango wote.

"Ingia, mwanangu. Ingia ukae."

Ndani, Mwanarusi alikuwa akivaa buibui aende kazini. Yeye ndiye kitinda mimba wa Bi Esha, mpiga chapa katika ofisi ya wakili Barabara ya Nkrumah, mwenye diploma ukutani na Kiswahili cha kujivunia. Mtu akichanganya lugha mbele yake, humngoja amalize, kisha humrudishia sentensi yake ikiwa imenyooka. Alimpa ndugu yake mkono, wakakaa mkekani, na Sidi akaeleza.

Maji ya mfereji yalikuwa hayajaonekana Kibarani tangu Ramadhani, na kila nyumba ilitafuta chombo cha kuwekea maji ya kununua. Kahindi, mumewe Sidi, hiyo ndiyo kazi yake. Lori hushusha mapipa matupu jaani, yeye huyachukua, huyagonga yakanyooka, huyauza. Pipa zuri kuliko yote alimpelekea mkwewe kama zawadi. Alilisuuza kwa ndoo moja tu ya maji, kwa kuwa maji yenyewe ni ya kununua. Kumbe ndani ya pindo la chini magadi makali ya kupikia sabuni yalikuwa yameganda, meupe kama chumvi. Mbodze akachota kwa kata, akanywa kwa kiu.

"Kahindi hali chakula," Sidi alisema. "Kutwa yuwalitazama lile pipa."

"Pipa la nani?" Mwanarusi aliuliza.

"La jaani."

"Kabla ya jaa. Limeandikwa nini?"

"Mkadi. Ile kampuni ya sabuni, Shimanzi."

Bi Esha na bintiye wakatazamana. Badawi alikuwa mtunza ghala wa Mkadi mpaka akaota mvi. Wenye kampuni wa zamani walipouza na kurudi kwao, naye aliingia katika wale wafanyakazi wachache walionunua kidogo. Nyumbani kidogo hicho kiliitwa "shea za mzee". Hata Mwanarusi, pamoja na ukali wake wote wa maneno, nyumbani aliliacha neno hilo lipite, maana ndilo alilozaliwa akalikuta. Mzee alipofariki, shea ziliandikwa jina lake yeye, kwa sababu ndiye pekee mwenye subira ya kusoma makaratasi ya kampuni.

"Basi ni letu," alisema.

"Letu nini?"

"Pipa. Sisi nasi ni wenye kampuni."

Bi Esha alicheka kwa pua. "Kampuni! Kila mwaka yatuletea hundi isiyotosha kitoweo cha Idi. Tungekuwa wenyewe, sabuni ningeinunua dukani?"

Lakini Mwanarusi hakucheka. Alikuwa ameshaanza kutunga sentensi.

Mkutano wa mwaka ulifanyika Machi, katika ukumbi wa juu ya kiwanda. Mwenyekiti alikuwa mzee wa suti ya kijivu ambaye hakuivua hata kwa joto lile, na kushoto na kulia kwake walikaa ndugu zake wawili, wakurugenzi. Pembeni alisimama Maxwell, meneja wa kiwanda, ambaye hakuwa na shea yoyote, ila alikuwa na funguo zote. Mbele yao palikuwa na safu za viti vitupu na Mwanarusi.

Mambo yote yaliyoandikwa yalipokwisha, mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo, kwa sauti ya mtu anayejua hakuna. Mwanarusi akasimama.

"Bwana Mwenyekiti, napendekeza kwamba kila pipa litokalo kiwandani humu litobolewe kwanza, ili lisiweze tena kuwekewa maji ya kunywa binadamu."

Kwa jioni nyingi alikuwa ameichonga sentensi hiyo. Alikuwa amejaribu "liharibiwe" akaona ni la kishari. Amejaribu "liteketezwe" akaona ni la kijeshi. "Litobolewe" lilikuwa fupi na halikuacha mwanya wa hila. Alilipenda.

"Binti Badawi," mwenyekiti alisema, naye kwa Kiswahili safi, "baba yako alikuwa mtu wangu. Mungu amrehemu. Pendekezo lako limesikika. Nani anaunga mkono?"

Feni ilizunguka.

"Pendekezo lisilo na wa kuliunga hufa. Lakini kwa heshima ya marehemu tuinue mikono. Wanaokataa?"

Mikono mitatu ikainuka mbele. Wanaokubali? Ukainuka wake.

"Nanyi mna hisa nyingi mno," Mwanarusi alisema, "tutawawezaje?"

Mwenyekiti akatabasamu kwa upole wa babu anayemfundisha mjukuu karata. "Hapa hatujahesabu hisa, binti. Tumehesabu mikono. Mwenye hisa moja, mkono mmoja. Mwenye hisa elfu, mkono mmoja. Mtu akitaka hisa zenyewe zihesabiwe, lazima adai. Na sijadai. Wewe umeshindwa kwa uchache wa watu, si kwa uchache wa hisa."

Ndugu zake wakacheka. Mwanarusi alirudi nyumbani akilirudiarudia neno moja kinywani. Hisa. Hisa.

Usiku huo alimwita kaka yake, Mselem, mwenye duka la vinyago na masanduku ya shaba Ndia Kuu.

"Nataka tuzigawanye," alisema. "Zile hisa za mzee za Mkadi."

Mselem alitikisa kichwa. "Kitu kidogo chagawanywa kiwe nini? Mimi nilikuwa nikitafuta mnunuzi. Paa la ukumbini humu lavuja."

"Ngoja," alisema Bi Esha. "Umeziitaje?"

"Hisa."

"Shea za mzee?"

"Ndizo. Shea ni hisa, mama."

"Hisa hii ya mirathi? Hii ya kusema mke hisa yake thumuni, mwanamume hisa mbili, mwanamke moja?"

"Neno ni hilohilo."

Bi Esha akaliweka chini bakuli la tambuu. Badawi alipofariki, aliitisha mirathi kabla watu hawajamaliza kurudisha sufuria za matanga. Minazi ya Kisauni iligawanywa, vyombo vikagawanywa, hata saa ya ukutani ikatiwa thamani. Sidi alipata fungu lake sawasawa na Mwanarusi, na Bi Esha alilihesabu yeye mwenyewe ili Mbodze asipate la kusema. Lakini shea hakuna aliyezitaja. Shea zilikuwa jambo la ofisi, kama kitambulisho au pasipoti. Nani arithi pasipoti?

"Kwa hivyo miaka yote hii tumeikalia hisa ya mtoto wa watu," alisema.

"Hatukujua, mama," Mselem alisema.

"Hatukuuliza. Nyumba nzima twajisifu kwa maneno, na neno moja limetutia haramu tumboni." Akamgeukia Mwanarusi. "Wewe na diploma yako!"

Mwanarusi akaeleza alilokuwa nalo: hisa zikigawanywa, kila mrithi ni mwanahisa kamili, na kila mwanahisa ni mkono. Alikuwa amezisoma kanuni za kampuni. Wakurugenzi wanaweza kumkataa mnunuzi yeyote wasiyemtaka, hata mtu aliyepewa hisa bure. Mrithi mwenye hukumu ya Kadhi hawawezi kumkataa.

"Wao mbele ni watatu," alisema. "Sisi, pamoja na Sidi, wanne."

Mselem akacheka. "Aa! Kumbe! Twamgawia Sidi tupate mkono wake."

"Twamgawia kwa kuwa ni haki yake," Bi Esha alisema. "Haki kwanza. Mkono ni wake, shauri yake."

Mwanarusi aliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia adhana ya msikiti usio wa mtaa wake. Alikuwa akihesabu.

Kadhi aligawanya, kampuni ikaandikisha, na mwaka uliofuata, wiki moja kabla ya mkutano, Mwanarusi alikwenda Kibarani kumpelekea ndugu yake cheti chake. Alipita kando ya jaa, leso puani, mpaka kwenye kibanda cha mabati ambapo Kahindi alikuwa akipiga nyundo. Mapipa yalipangwa mbele ya nyumba kama watu wanaongoja kuitwa. Mbodze alikuwa ameketi mlangoni na bakuli la uji mwepesi. Maneno yalikuwa yamemrudia machache, na aliyatumia kwa uchoyo.

"Badawi," alisema, akimwangalia Mwanarusi usoni. Maana yake: umefanana naye.

Sidi alikigeuza cheti huku na huku. "Hiki nifanye nacho nini?"

"Njoo nacho Shimanzi, Alhamisi. Nikiinua mkono, nawe inua."

"Nainulia nini?"

"Utasikia hukohuko. Ni kwa ajili ya mama yako."

"Si ungenisomea tu?"

"Sidi, nimeipima kila herufi. Niamini."

Kahindi aliacha kugonga kidogo, akawatazama, kisha akaendelea.

Alhamisi ile Bi Esha alivaa buibui jipya na kukaa kiti cha mbele kana kwamba yumo harusini upande wa bwana. Mselem alikaa kulia kwake, na Mwanarusi kando ya Mselem. Sidi alikuja mwisho, akachagua kiti cha safu ya pili, nyuma ya Bi Esha. Bi Esha hakugeuka, ila alisogeza mkoba wake kutoka kiti cha jirani na kuuweka chini. Sidi hakukielewa kitendo hicho, au alikielewa, akabaki alipo.

Mwenyekiti aliwahesabu kwa macho. Akawatazama ndugu zake. Walikuwa bado wawili.

Mwanarusi alisimama akaisoma sentensi yake. Kila pipa litobolewe.

"Naunga mkono," Mselem alisema, akajikohoza.

Mwenyekiti alimwita Maxwell, akamnong'oneza, Maxwell akanong'ona. Kisha mzee akafungua mikono.

"Binti Badawi, umetufunga. Lakini huhitaji kutupigia kura. Meneja aniambia kutoboa pipa ni kazi ya msumari na nyundo. Haina gharama. Nami nakubali. Ndugu zangu wakubali pia. Tuandike kwamba limepita kwa sauti moja?"

Mselem alimpigapiga dada yake begani. Mwanarusi alihisi joto la furaha likimpanda shingoni. Sentensi yake, herufi kwa herufi, ingeingia katika kumbukumbu za kampuni.

"Mimi sikubali."

Wote waligeuka. Sidi alikuwa amesimama, cheti mkononi.

"Wewe ni nani, mama?" mwenyekiti aliuliza.

"Sidi binti Badawi. Nina hisa, hii hapa."

"Sidi, keti," Mselem alisema kwa sauti ya chini. "Jambo letu limeshapita."

"Lenu. Langu bado." Alimtazama Mwanarusi, si kwa hasira, bali kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa juu ya nguo zake. "Pipa likitobolewa, mume wangu atauza nini? Na Kibarani tutatia wapi maji? Wewe wataka pipa life. Mimi nataka pipa liwe zima, liwe safi. Yaoshwe."

"Sidi, hatari yenyewe ni—"

"Hatari naijua. Nailisha uji."

Mwenyekiti, aliyekuwa ameshachukua kalamu, aliinua nyusi. "Basi wenyewe hamjapatana. Nifanyeje? La kutoboa ninalo tayari. Binti Badawi, niandike?"

Yote mawili yalikuwa mbele ya Mwanarusi kama mizani ya muuza dhahabu. Akisema ndiyo, mapipa hayatamuunguza mtu tena, na neno lake zuri litakuwa sheria. Asiposema, huenda wote wakatoka mikono mitupu, na mapipa yakaendelea kwenda jaani na magadi yake mpaka Machi nyingine. Alitafuta la kumwambia Sidi. Alikuta maneno mengi, yote mazuri, na katika yote hayo hakuna hata moja alilopata kumuuliza yeye.

"Naliondoa pendekezo langu," alisema, akaketi.

Mselem alijishika kichwa. "Ya Rabi, wanawake hawa."

"Haya," mwenyekiti alisema, na ukali kidogo ukaingia katika upole wake. "Mama Sidi apendekeza mapipa yaoshwe. Nani anaunga mkono?"

Mwanarusi alifungua kinywa, lakini mtu mwingine alimtangulia.

"Mimi," alisema Bi Esha.

Hakugeuka nyuma hata sasa. Alisema akiitazama meza kuu, mgongo umenyooka. "Bi Esha binti Omari, mjane wa Badawi. Mtoto amesema kweli. Chombo huoshwa. Kwetu hata kikombe cha mgeni huoshwa kabla na baada. Nyinyi ni watu wa sabuni, mwatoa vyombo vichafu mlangoni mwenu?"

Maxwell alicheka, akajificha kwa kikohozi.

"Wanaokubali," mwenyekiti alisema.

Sidi aliinua. Bi Esha aliinua. Mwanarusi aliinua. Mselem alimtazama mama yake, akamtazama mwenyekiti, kisha akauinua mkono wake nusu, kama mtu anayesimamisha teksi hali hana nauli.

"Juu," Bi Esha alisema. Ukaenda juu.

"Wanaokataa?"

Ndugu wawili waliinua. Mwenyekiti hakuinua bado. Alikuwa akimwangalia Sidi.

"Nadhani mwajua," alisema taratibu, "naweza kudai hisa zihesabiwe. Zikihesabiwa, mmeshindwa kabla chai haijapoa."

"Twajua," Mwanarusi alisema.

"Kuosha si msumari na nyundo. Ni maji, na mji hauna maji. Maji hayo machafu nayo niyamwage wapi?"

"Si ya kumwaga," Maxwell alisema.

Mwenyekiti aligeuka. "Nini?"

"Samahani, mzee. Kinachobaki ndani ya pipa ni magadi yetu wenyewe. Tukisuuza, maji yale yarudi kwenye sufuria ya sabuni. Tutapunguza ya kutia upya. Hatuna tunachopoteza, labda saa moja ya kijana."

"Na kwa nini hamjawahi kufanya hivyo?"

Maxwell aliinua mabega. "Pipa likitoka getini, hakuna aliyeuliza."

Mwenyekiti akamuuliza Sidi, kwa sauti nyingine kabisa, ya nje ya mkutano, "Mama yako ndiye yupi? Ndiye aliyekuwa akimletea Badawi chakula getini? Yule aliyemwambia mlinzi kwamba..." Akaacha, akakumbuka alipo.

"Ndiye."

"Lahaula." Aliichukua kalamu. "Sidai hisa. Naandika, limepita."

Nje, jua la Shimanzi liliwapiga usoni. Mselem alikimbilia dukani kwake. Bi Esha alisimama kivulini akipepea leso, na Sidi alipotoka alimwambia, bila dibaji, "Twende ukale kwetu. Kuna wali wa nazi."

"Mama yuwaningoja, mamkubwa."

"Basi utafungiwa wali. Umpelekee na mchuzi, usiwe na pilipili."

Mwanarusi alitembea pembeni yao, hatua chache nyuma. Alikuwa na neno la kumwambia Sidi, na kwa mara ya kwanza hakujua alianze vipi. Mwishowe alisema tu, "Ningekusomea."

"Ee," Sidi alisema. "Ungenisomea."

Mapipa ya kwanza yaliyooshwa yalifika Kibarani baada ya Idi. Kahindi aliyainamia moja moja, akapitisha kidole ndani ya pindo, akakinusa, akapitisha tena. Hakuyauza siku hiyo. Aliyasuuza upya, kwa maji aliyonunua, kisha akayalaza juani midomo wazi, na watu waliokuja kununua aliwaambia warudi kesho.

Mwanarusi alikuwa amekuja na rasimu ya kumbukumbu za mkutano, ambayo kampuni ilimtumia kila mwanahisa ili aseme kama kuna kosa. Ya Kiingereza ilikuwa na maneno machache makavu. Alikuwa ameitafsiri mwenyewe usiku, akaikamilisha. Safari hii alikaa chini, kwenye kigoda, akamsomea Sidi yote, toka juu.

"'Ndipo Bi Sidi binti Badawi, kwa unyenyekevu na uchungu wa mzazi wake, akauomba mkutano mtukufu—'"

"Wapi hapo?"

"Hapa, wewe unaposimama."

"Mimi sikuomba. Na unyenyekevu sikuwa nao, nilikuwa natetemeka kwa hasira." Sidi aliendelea kukuna nazi. "Niliwaambia yaoshwe."

"Lakini ikiandikwa hivyo tu, Sidi, yaonekana fupi."

"Ni fupi."

Mwanarusi aliitazama sentensi yake. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na pumzi, na mizani. Akatoa kalamu, akaipiga mstari kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na juu yake akaandika neno moja, la Sidi mwenyewe.

"Soma," Sidi alisema.